Fire Emblem: Tuingie kwa Mlango Gani?



Hadithi fupi haina shida: huanza mwanzo na kuisha mwisho. Lakini hadithi iliyosimuliwa tangu mwaka 1990, kwa michezo 17, juu ya mashini za namna nyingi, mgeni ataishika wapi? Hilo ndilo swali la vijana wasikiao kwa mara ya kwanza habari za mchezo wa Fire Emblem, maana yake Nembo ya Moto. Rafiki mmoja humwambia: «Anza na ule wa kwanza kabisa, ndipo utakapoelewa.» Wa pili humwambia: «La, chukua ulio mpya.» Wa tatu humwonyesha simu yake: «Wa nini kununua? Huu hapa, ni bure.» Mwisho mgeni hushika wowote ulio karibu, hushindwa mara mbili au tatu, kisha husema: «Mchezo huu si wa watu kama mimi.» Fedha imekwisha kutoka, hamu imekwisha kufa.

Wahenga walisema, mwanzo wa ngoma ni lele. Aingiaye ngomani asipopewa mwendo wa kwanza polepole, miguu itamshinda hata kama ngoma yenyewe ni tamu. Basi leo tutazame milango ya nyumba hii kubwa, tujue upi ulio wazi kwa mgeni na upi wa kungojea. Lakini kwanza yafaa tujue ndani ya nyumba mna nini.

MCHEZO WA NAMNA GANI?

Ajuaye kucheza bao au sataranji amekwisha kujua nusu ya Fire Emblem. Uwanja wa vita umekatwa miraba midogo, kama shamba lililogawanywa kwa kamba. Askari wako wamesimama upande huu, adui upande ule. Zamu yako ikifika, wawatembeza wako wote, kila mmoja kadiri ya hatua zake; ukiisha, adui naye awatembeza wake. Hakuna kushindana na saa. Waweza kukaa ukifikiri hata jua litue, wala hakuna atakayekupiga kabla hujamaliza.

Kuna sheria chache za kukumbuka. Katika michezo mingi ya mfululizo huu, upanga washinda shoka, shoka lashinda mkuki, na mkuki washinda upanga. Duara hilo la silaha liliingizwa mwaka 1996, na watu wengi hulitaja kwanza wanapoulizwa habari za Fire Emblem. Mishale ni hatari kuu kwa askari wapandao farasi wenye mabawa. Askari wa deraya nzito hafiki mbali, lakini panga nyingi humgonga bure. Mganga mwenye fimbo huponya wenzake, lakini mara nyingi kujitetea hawezi. Basi asimame nyuma ya mtu mwenye nguvu.

Nusu ya pili ndiyo iutengayo mchezo huu na bao. Kete za bao hazina jina. Ukiliwa kete kumi, huombolezi hata moja. Katika Fire Emblem kila askari wako ana jina lake, sura yake, kwao alikozaliwa na sababu iliyomleta vitani. Kila apiganapo hupata uzoefu, nguvu zake hupanda, na siku moja huvaa cheo kipya. Katika sehemu kubwa ya michezo hii, wawili wanaopigana pamoja huanza pia kuzungumza: hutaniana, hugombana, husimuliana mambo ya nyumbani. Urafiki wao ukikua, mmoja husaidia nguvu za mwenzake wakati wa hatari. Ndiyo maana watu husema kwamba mchezo huu una mambo mawili ndani yake: mbinu za vita, na kuishi ndani ya hadithi pamoja na watu wake.

SHERIA YA KIFO

Sasa tumefika kwenye moyo wa jambo. Tangu mchezo wa kwanza wa mwaka 1990, sheria ilikuwa moja: askari akianguka vitani, haonekani tena. Kwa kawaida hakuna dawa ya kumwamsha, wala hakuna mtu wa kumbadili. Maongezi yake na rafiki zake yanakatika hapo, na vita vinavyofuata utavipigana bila yeye. Kiongozi mkuu wa hadithi akianguka, mchezo wenyewe husimama, nawe huna budi kurudia vita.

Sheria hiyo ilikuwa mpya mno kwa watu waliozoea michezo ambamo shujaa hufa asubuhi na kufufuka adhuhuri. Ilimlazimisha mchezaji kufikiri kama mkubwa wa watu. Mbele ya kila mraba alijiuliza: nikimweka huyu hapa, adui wangapi watamfikia? Aliyekwenda kwa pupa alilipa. Maji yakimwagika hayazoleki.

Lakini wengi hawakuweza kuvumilia. Baada ya kumpoteza mtu mmoja walizima mashini na kurudia vita vyote tangu mwanzo, hata kama ni kazi ya saa nzima. Wengine waliacha kabisa. Kwa hiyo watengenezaji walianza kuilainisha sheria. Mwaka 2010, katika mchezo uliouzwa Japani peke yake, waliongeza sheria nyepesi: aangukaye hurudi vita vikiisha. Mwaka 2012 sheria hiyo nyepesi iliwekwa tena katika mchezo wa Awakening, uliofika nchi nyingine mwaka 2013, na mchezaji aliruhusiwa kuchagua kati ya sheria hiyo na ile ya kale. Mwaka 2017, katika Echoes: Shadows of Valentia, ilikuja njia ya tatu: sheria ya kale yabaki, lakini mchezaji hupewa uwezo wa kurudisha wakati nyuma mara chache katika vita, alitengeneze kosa lake.

Tumeieleza habari hii kwa kirefu kwa sababu moja. Achaguaye mchezo wa kuanzia anachagua pia jinsi atakavyofundishwa kupoteza. Akianza na ule usiosamehe kabla hajajua kutembea, atakata tamaa. Akianza na ule usiodai chochote, atasukuma watu wake kama kete, wala hatajua kwa nini wenzake wanaupenda mchezo huu hata leo.

ULIKOTOKA

Fire Emblem ni kazi ya kampuni ya Intelligent Systems ya mjini Kyoto, Japani, na huuzwa na kampuni ya Nintendo ya mji huohuo. Aliyeubuni ni Shouzou Kaga. Mchezo wa kwanza ulitoka mwezi wa Aprili 1990 kwa mashini iitwayo Famicom. Shujaa wake ni Marth, mwana wa mfalme aliyefukuzwa kwao, ambaye hukusanya watu mmoja mmoja hata airudishe nchi yake. Ikafuata michezo mingine mnamo 1992, 1994, 1996 na 1999. Baada ya huo wa 1999 Kaga aliondoka katika kampuni.

Kwa miaka hiyo yote michezo hiyo haikuvuka bahari. Iliandikwa Kijapani na kuuzwa Japani. Kilichoifungulia njia ni mchezo mwingine kabisa, Super Smash Bros. Melee wa mwaka 2001, ambamo mashujaa wa michezo mingi ya Nintendo hupigana wao kwa wao. Humo waliwekwa Marth na kijana mwingine, Roy. Watu wa Marekani na Ulaya wakaanza kuuliza: «Vijana hawa wenye panga ni akina nani?» Mwaka 2003 mchezo wa saba ukauzwa Marekani, mwaka uliofuata ukafika Ulaya. Kwa kuwa ulikuwa wa kwanza kutoka nje, uliitwa Fire Emblem tu. Siku hizi hujulikana kwa jina la The Blazing Blade.

Baadaye mauzo yalishuka mwaka kwa mwaka. Walipokuwa wakitengeneza Awakening, wakubwa waliwaonya mafundi: nakala 250,000 zisipouzwa, mfululizo huu utakoma. Mafundi wakaweka ndani ya mchezo huo mambo yote mazuri waliyoyajua, kama watu wanaoagana. Nakala zikauzwa zaidi ya milioni moja, na nyumba iliyokaribia kufungwa ikajaa wageni. Tangu hapo zimetoka Fates mwaka 2015, Echoes mwaka 2017, Three Houses mwaka 2019 na Engage mwaka 2023. Mwezi wa Septemba 2025 Nintendo ilitangaza mwingine, Fortune's Weave, kwa mashini yake ya Switch 2.

JE, LAZIMA KUFUATA MIAKA?

Pengine msomaji atauliza: «Kitabu chasomwa tangu ukurasa wa kwanza. Mbona nisianze na Marth wa 1990?»

Jibu ni kwamba Fire Emblem haifanani na kitabu kimoja chenye sura 17. Yafanana zaidi na rafu ya vitabu vya ukoo mmoja. Michezo mingi ina nchi yake, wafalme wake na vita vyake. Asiyemjua Marth hapotezi neno katika Three Houses, kwa maana ile ni dunia nyingine.

Iko michezo michache ifungamanayo. Path of Radiance wa 2005 na Radiant Dawn wa 2007 ni hadithi moja ya shujaa Ike, nayo yapasa ifuatwe kwa mpango huo, wa kwanza kwanza. Thracia 776 wa 1999 umo ndani ya historia ya ule wa 1996. The Blazing Blade husimulia ujana wa Eliwood, baba yake Roy, na ulitoka baada ya mchezo wa Roy mwenyewe. Basi waweza kuanza na baba au na mwana bila hasara. Awakening umo katika nchi ya Marth, lakini miaka mingi mno baadaye, hata Marth amekuwa jina la masimulizi ya kale.

Zaidi ya hayo, mzee si mwalimu mwema daima. Mchezo wa 1990 ni wa polepole, haukuonyeshi mengi ambayo ndugu zake wadogo hukuonyesha, wala hauna maongezi ya urafiki tuliyoyataja. Nintendo iliutafsiri kwa Kiingereza na kuuuza kwa mashini ya Switch tangu Desemba 2020, kisha ikaacha kuuuza mwisho wa Machi 2021. Ni vema kumtembelea babu, lakini baada ya kuijua familia yake.

MILANGO MITATU

Wa kwanza ni Three Houses, Nyumba Tatu, wa mashini ya Switch. Wewe ni mwalimu katika shule ya maofisa iliyo ndani ya monasteri kubwa, iitwayo Garreg Mach. Wanafunzi wamegawanyika katika nyumba tatu, kila nyumba ya nchi yake, nawe huchagua moja. Nyumba ina wanafunzi wanane, pamoja na mkubwa wao: Edelgard, Dimitri au Claude. Kalenda yaenda siku kwa siku. Utafundisha, utakula nao mezani, utasikiliza shida zao, na mwisho wa mwezi utawaongoza vitani. Kila mwanafunzi waweza kumwelekeza kwenye kazi uitakayo: huyu mkuki, yule uganga.

Kwa watu wengi huu ndio mlango mwema kuliko yote, na sababu yake ni hii. Ukiisha kumfundisha mtu miezi mingi, huhitaji kuhimizwa umchunge vitani. Na hadithi yenyewe yaushika uzito huo: baada ya miaka mitano nchi tatu zinapigana, na wale waliokula meza moja shuleni wanakutana uwanjani silaha mkononi. Mchezo hukupa uwezo wa kurudisha wakati nyuma mara chache, basi sheria ya kale ya kifo haitishi sana. Ikikushinda, waweza kuiacha katikati ya safari na kushika ile nyepesi. Lakini ukiisha kushuka hupandi tena.

Una hasara mbili. Ni mrefu: kumaliza nyumba moja huchukua watu wengi saa 40 au 50, na sehemu kubwa ya saa hizo si za vita. Tena duara la upanga, shoka na mkuki halimo kama sheria ya wote, basi hutalijifunza humo.

Mlango wa pili ni Engage, nao ni wa Switch. Huu ni wa yule apendaye vita kuliko maneno. Hadithi yake ni nyepesi, ya joka takatifu lililolala miaka elfu na kuamka, na rangi zake ni kali kama za kitenge kipya. Lakini viwanja vyake vya vita vimetengenezwa kwa akili nyingi. Duara la silaha limerudi kwa nguvu: ukimpiga adui kwa silaha ishindayo yake, humwangusha silaha mkononi, asiweze kukujibu. Pete za ajabu huwaita mashujaa wa michezo ya zamani, akiwamo Marth na Ike, wakupe nguvu zao. Mgeni asiwaogope majina hayo; atapata uwezo wao hata kama hajui habari zao, na pengine mmoja wao atamtia hamu ya kwenda kumtafuta kwao.

Mlango wa tatu ni The Blazing Blade wa 2003. Tangu Juni 2023 unapatikana katika mashini ya Switch kwa wale walipao ada ya juu ya Nintendo ya kila mwaka. Sura zake za kwanza zilitengenezwa makusudi kwa watu wasiojua kitu. Binti wa nyikani, Lyn, akukuta umezimia, akuamsha, nanyi mnaondoka pamoja. Mchezo wakushika mkono: leo jifunze kutembea, kesho silaha, kesho kutwa msitu na mlima. Sura hizo za Lyn zikiisha, ndipo huja vita vikubwa vya Eliwood, amtafutaye baba yake aliyepotea, na rafiki yake Hector. Picha zake ni ndogo na za kale, lakini kila tendo laonekana wazi. Kumbuka tu kwamba humo sheria ya kifo ni ya zamani, haina namna nyepesi. Ni mlango wa mtu mvumilivu mwenye saa chache, kwa maana sura moja yaweza kumalizika kwa jioni moja.

Na Awakening? Ungalikuwa mlango wa nne, na watu wengi waliingia kwa huo. Lakini ni wa mashini ya 3DS, na duka la Nintendo la mashini hiyo katika intaneti lilifungwa mwezi wa Machi 2023. Aliye na mashini hiyo, akiipata kaseti yenyewe kwa bei ya haki, asisite. Asiye nayo asitafute mbali, akaacha kilicho karibu.

MILANGO YA KUNGOJA

Michezo mingine ni mizuri, lakini humwumiza mgeni. Thracia 776 ni mkali hata kwa mabingwa, na haujauzwa rasmi nje ya Japani. Radiant Dawn huanza katikati ya mambo, hukutolea watu usiowajua, tena bila huruma. Fates umegawanyika katika njia tatu; ile iitwayo Conquest hukupa fedha na uzoefu kwa kipimo kidogo, basi kosa la leo utalilipa mwezi ujao. Atakaye Fates aanze na njia ya Birthright. Path of Radiance ni mwanana zaidi, lakini diski zake za kale ni adimu na ghali.

Ule wa simu, Fire Emblem Heroes wa 2017, yafaa tuuseme peke yake. Ni bure kuuanza. Uwanja wake ni mdogo kama kioo cha simu, askari ni wanne tu kwa kawaida, na aangukaye hurudi. Mashujaa hupatikana kwa bahati nasibu: hutoa vito, wapewa mtu usiyemchagua. Vito vikiisha, mchezo hukuonyesha mahali pa kuvinunua kwa fedha halisi. Waweza kupitisha saa humo bila dhambi, lakini usidhani umeijua Fire Emblem, kama vile aliyechungulia dirishani hajala karamuni.

VITA VYA KWANZA

Ukiisha kuchagua mlango, yashike haya machache.

Chagua ugumu wa kawaida. Heshima haipatikani kwa kuteseka siku ya kwanza.

Kabla ya kumaliza zamu, pima adui wanafika wapi. Michezo ya siku hizi hukuonyesha kwa rangi miraba yote watakayoweza kuipiga. Mtu wako dhaifu asisimame katika rangi hiyo bila sababu.

Mara nyingi utapewa mwanzoni askari mmoja mzee, mwenye nguvu kuliko wote. Atakuvusha katika hatari, lakini ukimwachia kuua adui wote, vijana hawatakua, nawe utajuta mbele ya safari. Yeye aupunguze uhai wa adui, kijana apige pigo la mwisho na apate uzoefu.

Songa pamoja. Akimbiaye mbele peke yake ndiye azikwaye kwanza.

Na ukimpoteza mtu, usiizime mashini palepale. Jaribu mara moja kuendelea bila yeye. Majuto ni mjukuu, lakini mara nyingi hadithi huwa nzito na ya kweli zaidi pale ambapo nafasi ya mmoja mezani i wazi.

NENO KWA WAZAZI

Three Houses na Engage zimepewa alama ya umri ya miaka 12 huko Ulaya. Mna vita na vifo. Katika Three Houses mna pia fitina, kisasi na huzuni ya watu wazima. Dini ionekanayo humo, pamoja na askofu wake mkuu na mambo yake ya siri, ni ya kubuniwa tu. Mtoto aelezwe hivyo, wala asiichanganye na Kanisa tulijualo. Mzazi akikaa karibu jioni moja na kuuliza, «Huyu ni nani? Kwa nini wanapigana?», atapata mazungumzo ambayo hakuyatazamia.

Hakuna hata mmoja katika michezo hii uliotafsiriwa kwa Kiswahili. Lakini Three Houses na Engage zina maandishi ya Kifaransa, na mwanafunzi asomaye kurasa hizo nyingi kwa hamu atarudi shuleni na maneno mengi mapya. Saa ziwekewe mpaka, na simu isiunganishwe na fedha za nyumba.

Basi, wasomaji wapenzi, tumalize tulipoanzia. Mwenye kupenda watu na hadithi aingie kwa Three Houses. Mwenye kupenda akili ya vita aingie kwa Engage. Mwenye subira na saa chache aingie kwa The Blazing Blade. Mmoja watosha; maliza huo kabla ya kununua mwingine. Na kwa mlango wowote uingiao, mwisho wa kila vita usiulize kwanza kama umeshinda. Waite watu wako kwa majina, usikie ni wangapi wanaoitika.